Msimu wa Baridi: Ziba Matundu Kwanza, Sumu Baadaye

Mwezi Juni ukiingia, wakazi wa Njombe, Makete na Mbeya hutoa makoti, na panya nao huanza kuhamia ndani. Baridi na mavuno huja pamoja. Shambani yamebaki mabua matupu. Mahindi yamepandishwa darini juu ya meko, na dari hiyo hiyo ina joto hadi usiku. Mwili mdogo hupoteza joto haraka, kwa hiyo wakati wa baridi panya huhitaji kula zaidi. Nyumbani kwetu anapata chakula na joto mahali pamoja.

Wengi hukimbilia sumu, na hapo ndipo tunapokosea. Sumu nyingi za panya za madukani huzuia damu kuganda. Panya hafi palepale; hufa baada ya siku kadhaa, mara nyingi darini au kwenye ufa ambako mkono haufiki. Mzoga ukipoa, viroboto wake huuhama na kutafuta damu nyingine. Penye tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto hao, hilo ni jambo zito. Wilayani Lushoto ugonjwa huo ulianza mwaka 1980, ukasumbua kwa zaidi ya miaka 20 na kuwapata watu zaidi ya 7,000. Ndiyo maana kwenye maeneo ya namna hiyo viroboto huuawa kwanza, panya baadaye. Wale wanaochanganya viuatilifu vya shambani na dagaa ndio wananitia hofu zaidi: chambo hicho kinawekwa sakafuni, anapotambaa mtoto.

Tena hata panya wote wakifa, tundu likiwa wazi wataingia wengine. Usiku nyunyiza unga au majivu chini ya ukuta, asubuhi ufuate nyayo. Tafuta pia michirizi myeusi yenye mafuta ukutani. Ni alama ya manyoya yanayosugua njia ile ile kila siku. Panya wadogo wa nyumbani hupenya uwazi wa milimita 6 hivi: penseli ikipita, nao wanapita. Shindilia nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha piga saruji juu yake. Matambara na udongo mtupu ni kazi bure, kwa sababu meno ya mbele ya panya hukua maisha yake yote na kuguguna ndiko kunakoyapunguza. Chini ya mlango pigilia kipande cha bati. Uwazi kati ya ukuta na paa uwekewe wavu wa chuma, na matawi yanayogusa paa yakatwe.

Mifuko ya kuhifadhia mahindi isiyopitisha hewa huua dumuzi, lakini panya huitoboa, na ikitoboka haina kazi tena. Iweke juu ya chanja, mbali na ukuta.

Kinyesi cha panya kisifagiwe kikavu. Vaa glavu, kiloweshe kwa maji yenye klorini, ndipo ukiondoe. Funika maji na chakula pia: mkojo wa panya hubeba bakteria wa homa ya mgunda, iliyoua watu mkoani Lindi Julai 2022.

Ukiona panya wanakufa ovyo bila kuwekewa sumu, huenda ni tauni: usiwashike na usiwaache watoto wawasogelee. Toa taarifa siku hiyo hiyo kwenye zahanati au kwa bwana afya.