Kiini kimoja, programu nyingi: Kutoka manowari za Sweden hadi vituo vya afya vya Isangi

Isangi, mji ulio pale Mto Lomami unapoingia katika Mto Kongo, magharibi ya Kisangani, una kanda yake ya afya katika jimbo la Tshopo. Katika kanda kama hiyo, kila mwezi wauguzi hujaza ripoti kwa kalamu: wagonjwa wa malaria, watoto waliochanjwa, kina mama waliojifungua. Karatasi hupelekwa ofisi kuu ya kanda, na takwimu huingizwa katika DHIS2, programu inayotumiwa na wizara ya afya ya Kongo.

Programu hiyohiyo inatumika pia Tanzania, Uganda na Kenya, iliyoieneza nchi nzima mwaka 2011. Lakini fomu za Kongo si fomu za Kenya. Inawezekanaje?

Jibu ni mbinu ambayo viwanda vimeitumia kwa miongo kadhaa: kujenga familia ya programu. Badala ya kuanza upya kwa kila mteja, watengenezaji hujenga kiini kimoja cha pamoja na kupanga mapema ni sehemu zipi zitaweza kubadilishwa.

Mfano unaotajwa sana ni kampuni ya CelsiusTech ya Sweden. Mwaka 1986 ilikuwa na mikataba miwili mikubwa ya mifumo ya manowari kwa wakati mmoja, kazi iliyozidi uwezo wa wahandisi wake. Ikaamua kujenga msingi mmoja kwa meli zote. Awali programu zilibeba asilimia 65 ya gharama za mfumo. Baadaye zilishuka hadi asilimia 20.

Faida hiyo haikuja bure. Kiini hugharamiwa kwanza, matunda huonekana baadaye. Ndiyo maana kampuni nyingi hunakili programu ya mteja wa kwanza na kuirekebisha kwa wa pili. Mwanzoni kazi huenda haraka, lakini zikifika nakala kumi, kosa moja husahihishwa mara kumi.

Kwa DHIS2, Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway husimamia kiini, na kila nchi hupanga fomu na lugha yake bila kuandika programu upya. Mwaka 2020 wataalamu wa Sri Lanka waliitumia kufuatilia COVID-19, na kazi yao ikazinufaisha nchi nyingine.

Mbinu hii ina gharama yake: hitaji linalogusa kiini lenyewe husubiri uamuzi wa mbali, na mipangilio huhitaji wataalamu waliofunzwa nchini. Lakini kila mradi ukija na programu yake, muuguzi huandika mgonjwa yuleyule mara mbili au tatu, na hesabu hazilingani. Na hesabu hizo ndizo husaidia kuamua ni dawa ngapi za malaria zipandishwe mtumbwini.