Tela ya kambi ni amana: tuiandae kabla ya dua ya safari

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahali zake na sahaba zake.

Likizo za shule zinapokaribia, zipo familia zinazopanga kwenda kulala kambini kando ya bahari, Pangani ama Saadani. Sisi tunaoishi Horohoro huona magari ya wasafiri yakiingia kutoka Lungalunga huku yakivuta tela zenye mahema, majiko na mapipa ya maji. Fikra hiyo ni njema, na hata tela ya kawaida ya mizigo inaweza kuandaliwa ikaifanya kazi hiyo. Lakini tela haina macho. Kila uzembe uliofungiwa ndani yake huwafuata baba, mama na watoto waliomo garini. Kutawakali hakuondoi wajibu wa kufunga kamba. Mtume (SAW) alimfundisha Bedui amfunge kwanza ngamia wake, ndipo amtegemee Mola wake.

Magurudumu kwanza

Tela hukaa uani miezi mingi ikipigwa na jua. Tairi huzeeka hata kama kashata zake bado ni nzima. Tazama ubavuni mwake: kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa. Ikiandikwa 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu, au yenye nyufa, ibadilishwe. Fundi afungue magurudumu, atazame beringi na kuzipaka grisi mpya. Kisha hakikisha tairi ya akiba ni ya tela yenyewe na jeki inaweza kuiinua, kwani ya gari huenda isifae.

Jaribu taa za breki na indiketa huku mwenzako amesimama nyuma. Pale tela inapoungana na gari, fungeni pia mnyororo wa usalama, ili kiungo kikiachia tela isiende kuwavamia watu barabarani. Mkifika Tanga, baada ya takriban kilomita 65 za lami, simameni mkaze tena nati za magurudumu.

Uzito wa maji

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tuchukulie familia ya watu sita. Kila mmoja akinywa lita tatu kwa siku, ni lita 18. Imepokewa kuwa Mtume (SAW) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita. Watu sita wakitawadha mara tatu kwa siku, lita 18 zinatosha. Ukiongeza za kupikia na kuoshea vyombo, unakaribia lita 50 kwa siku. Kwa siku mbili ni kilo 100 za maji peke yake.

Mzigo huo uwekwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo, kamwe usiwe mkiani. Tela ikilemewa nyuma huyumba, na kuyumba kwake hulitupa gari. Kadirio linalofaa ni sehemu moja ya kumi ya uzito wote, au zaidi kidogo, ilemee kwenye kiungo: tela ya kilo 500, basi kilo 50 hadi 75. Kila kitu kifungwe kwa kamba chini ya turubai. Na vijana wasipandishwe humo hata kwa mwendo mfupi. Tela ni ya mizigo, si ya roho za watu.

Swala ya msafiri

Wengi wa wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii huukadiria umbali wa kupunguza Swala kwa kilomita 80 na ushei. Anayetoka Horohoro akaishia Tanga mjini hajaufikia. Anayekwenda Pangani, kilomita 50 hivi kusini mwa Tanga, ameupita. Huyo, akishaziacha nyumba za mji wake, ana ruhusa ya kuswali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbilimbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Basi mkeka, dira na ndoo yenye bomba viwekwe mahali pa kufikiwa upesi, si chini ya magodoro.

Kambini usiku

Saadani, iliyotangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ina wanyamapori wanaofika hadi karibu na ufukwe. Lala mahali palipotengwa na wahifadhi tu. Mtume (SAW) alikataza kupumzika njiani usiku kwa kuwa ni mapito ya wanyama na wadudu, na akaamrisha moto uzimwe kabla ya kulala. Amri hiyo ina uzito wa pekee kambini: jiko la mkaa likiingizwa ndani ya hema au tela iliyofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huwaua waliolala bila ya kuamka. Baridi ikizidi, ongezeni mablanketi.

Pazia la stara na jembe la kuchimbia shimo la haja visisahauliwe. Shimo liwe mbali na maji, njia na kivuli wanapokaa watu.

Amiri na wasaidizi

Sunna imeelekeza kuwa wasafiri wakiwa watatu wamteue mmoja awe amiri. Katika familia, amiri ndiye mwenye karatasi ya ukaguzi, naye agawe kazi: mtoto mkubwa ateke maji, baba awashe jiko, wengine waoshe vyombo. Haifai mama ahamishiwe jiko lake mchangani huku wengine wakiogelea. Bwana Mtume (SAW) alikuwa akiwahudumia ahali zake nyumbani. Na safarini, ambako taabu huongezeka, tuna haja zaidi ya kumwiga.

Mkishakagua yote, pandeni, funga mikanda, someni dua ya kipando na ya safari. Allah (SW) azilinde familia zetu ziendako na zirudipo. Wabillahi tawfiq.