Fomu na Barua: Njia Mbili za Kuitawala Seva ya Tovuti

Shule ya sekondari wilayani Kakonko ikiamua kuwa na tovuti yake, kwa jina linaloishia na .sc.tz, kompyuta itakayoihifadhi tovuti hiyo aghalabu haitakuwa Kakonko. Itakuwa Dar es Salaam, yapata kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka, au pengine itakuwa Ulaya. Kompyuta ya namna hiyo huitwa seva. Kwa kawaida haina skrini wala kibodi mbele yake. Hukaa katika chumba chenye ubaridi, ikingojea maombi ya wasomaji na kuwapelekea kurasa wanazozitaka. Mwalimu aliyekabidhiwa kuitunza hawezi kuikaribia, na kwa hiyo hana budi kuitawala kwa maagizo yanayosafiri njia ndefu.

Maagizo hayo hupelekwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni paneli ya kuendeshea, yaani ukurasa wenye picha, vitufe na nafasi za kujaza, unaofunguliwa kama ukurasa mwingine wowote wa intaneti. cPanel, iliyoanza mwaka 1996, na Webmin, iliyotoka mwaka 1997, ni miongoni mwa zile za zamani ambazo zingali zikitumika. Njia ya pili ni mstari wa amri: mtumiaji huona alama ndogo ikimetameta katika skrini tupu, huandika amri kwa herufi, nayo seva hujibu kwa herufi.

Anayeijua masijala ya ofisi ya Serikali ataielewa tofauti hii upesi. Paneli ni fomu iliyokwisha kuchapwa: mwombaji hujaza nafasi zilizoachwa wazi, hutia sahihi, na karani huingia ndani kulitafuta jalada. Amri ni barua. Mwandishi wa barua huomba lolote atakalo, lakini neno moja likikosewa barua hurudishwa, au, jambo lililo baya zaidi, hutekelezwa kama ilivyoandikwa. Yafaa ieleweke kwamba fomu na barua huishia kwenye jalada lile lile. Kitufe kinapobofywa, programu ya paneli huandika amri au hubadilisha faili kwa niaba ya mtumiaji, naye haoni.

Mfano mmoja utalidhihirisha jambo hili. Katika mfumo wa Linux, ambao huendesha sehemu kubwa ya seva za tovuti duniani, kila faili lina ruhusa kwa watu wa aina tatu: mwenye faili, kikundi chake, na watu wengine wote. Kila aina huweza kupewa ruhusa ya kusoma, ya kuandika na ya kutekeleza. Paneli huonyesha hayo kwa visanduku tisa vya kutia alama. Katika mstari wa amri zatosha tarakimu tatu:

chmod 644 matokeo.html

Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1, na ruhusa za kila aina ya watu hujumlishwa. Hivyo 6 ya kwanza ni 4 + 2, yaani mwenye faili aweza kulisoma na kuliandika. Wengine, kwa 4 zao, waweza kusoma tu. Mwanafunzi wa hisabati atatambua kwamba hizi ni namba za mfumo wa nane, na kwamba kila tarakimu yaweza kuandikwa kwa tarakimu tatu za mfumo wa mbili: 6 ni 110, na 4 ni 100. Visanduku tisa vya paneli ni tarakimu tisa hizo hizo, 110100100, zilizovikwa vazi la picha. Aliyekwisha kulielewa hilo hatashawishika kuandika 777 pindi ukurasa unapokataa kufunguka, kosa wanalolifanya wengi waanzao. Maana 777 humpa kila mtumiaji na kila programu iliyomo ndani ya seva uwezo wa kulibadilisha faili la matokeo ya mitihani. Katika paneli kosa hilo hilo hufanywa kwa kutia alama katika visanduku vyote, nalo halionekani kuwa kosa.

Kuna pia suala la njia yenyewe. Herufi moja inayopelekwa kwa mstari wa amri, pamoja na bahasha yake ya usimbaji na anwani, huchukua kiasi cha baiti 100 hivi, na jibu lake huwa kiasi hicho hicho. Ukurasa wa kwanza wa paneli, pamoja na picha na programu zake ndogo, waweza kuchukua megabaiti kadhaa kabla ya kazi yoyote kufanyika. Kwa mtu anayepata intaneti kwa simu ya mkononi, tena kwa bando, tofauti hiyo ni ya fedha taslimu.

Lakini mstari wa amri nao una udhaifu, na watetezi wake hawapendi kuutaja. Mawasiliano yakikatika, amri iliyokuwa ikiendelea kwa kawaida hukatizwa pamoja nayo, hata kama ilikuwa katikati ya kubadilisha hifadhidata. Kibondo na Kasulu zilipata umeme wa jenereta za dizeli kwa miaka mingi kabla ya kuunganishwa na gridi ya Taifa, na wakazi wake hawahitaji kufundishwa maana ya kukatika. Kitufe cha paneli kikishabofywa, mara nyingi kazi huendelea huko huko kwenye seva hata kompyuta ya mwalimu ikizimika. Dawa kwa upande wa amri ipo: programu iitwayo screen, iliyotoka mwaka 1987, huiweka kazi hai ndani ya seva hadi mwenyewe arudi. Inasikitisha kwamba wengi huisikia baada ya hasara.

Kuhusu usalama, mstari wa amri husafiri ndani ya SSH, utaratibu wa usimbaji ulioandikwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen huko Finland, baada ya wezi kunasa nywila katika mtandao wa chuo kikuu chake. Paneli kwa upande wake ni mlango wa ziada, na kila mlango huhitaji bawabu. Mwaka 2019 iligunduliwa kwamba mtu alikuwa amepenyeza msimbo wa hila ndani ya matoleo ya Webmin yaliyokuwa yakisambazwa. Mwezi Oktoba 2024 kasoro za paneli iitwayo CyberPanel ziliacha wazi seva zaidi ya 20,000, na nyingi zikafungwa na wahalifu waliodai fidia. SSH nayo iliponea chupuchupu mwezi Machi 2024, pale hila iliyofichwa katika programu ya xz ilipogunduliwa kabla haijaenea. Hakuna njia iliyo salama kwa asili yake. Hata hivyo, seva yenye mlango mmoja ni rahisi kulindwa kuliko yenye miwili.

Gharama nayo si ya kudharauliwa. Mwaka 2019 wenye cPanel waliacha kutoza leseni moja kwa kila seva, wakaanza kutoza kwa hesabu ya akaunti zilizomo. Mstari wa amri hauna leseni ya kulipia.

Je, paneli haina kazi? La hasha. Halmashauri za wilaya, Kakonko ikiwa mojawapo tangu kugawanywa kwa Kibondo mwaka 2012, hutumia mfumo wa pamoja wa tovuti uliotengenezwa na Wakala ya Serikali Mtandao, ambayo ilifanywa kuwa Mamlaka mwaka 2019. Ofisa wa wilaya huandika tangazo la zabuni katika fomu, na seva hutunzwa na wataalamu kwingineko. Mgawanyo huo ni wa busara: si haki kumdai mwandishi wa matangazo ajue tarakimu za ruhusa.

Shule iliyokodi seva yake yenyewe haina wataalamu kwingineko. Ina mwalimu mmoja, naye aweza kuhamishwa muhula ujao. Hapa ndipo barua huishinda fomu, kwa kuwa huacha nakala. Amri zilizotumika kuandaa seva huweza kuandikwa katika daftari, kusomwa darasani, na kurudiwa neno kwa neno juu ya seva mpya. Mibofyo mia mbili iliyofanywa juu ya picha haiwezi kuandikwa hivyo, na picha zenyewe hubadilika kila toleo jipya litokapo.

Shule hiyo ikiona bado inahitaji paneli, kwa ajili ya karani anayefungua anwani za barua pepe mathalani, paneli hiyo huweza kuzuiwa isionekane katika intaneti, ikasikiliza maombi ya ndani ya seva peke yake. Karani huifikia kwa kupitia SSH kwanza, kwa ufunguo badala ya nywila. Ufunguo wa kila mtumiaji huwa mstari mmoja katika faili liitwalo authorized_keys, na mwalimu anapohama, mstari wake hufutwa siku hiyo hiyo.