Desemba Ikifika, Njia Huelekea Kihambani

Kuanzia wiki ya pili ya Desemba, tiketi ya basi kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hutafutwa kama dawa. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini hutoa vibali vya muda ili mabasi ya ziada yaingie njia ya kaskazini, na bado watu huachwa kituoni na mizigo yao. Baadhi ya maduka ya Kariakoo hushusha milango. Watani wamekwisha kutoa maelezo yao: Wachagga, watu wa Kilimanjaro, wanakwenda kuhesabiwa.

Utani huo unalingana na Biblia kuliko watani wenyewe wanavyodhani. Injili ya Luka inasimulia kwamba Yusufu alitoka Nazareti akapanda kwenda Bethlehemu, mji wa ukoo wake, kwa sababu Kaisari Augusto aliamuru watu waandikishwe. Lakini Luka hataji siku wala mwezi. Ushahidi wa zamani kabisa wa Krismasi ya tarehe 25 Desemba umo katika orodha za kalenda zilizokusanywa Roma mwaka 354, zenye kumbukumbu inayorudi hadi mwaka 336. Kwa nini tarehe hiyo? Wako wanaoihusisha na ibada ya Jua, ambalo Kaisari Aureliani alilijengea hekalu mwaka 274. Wengine wanasema Wakristo walihesabu tu miezi tisa kuanzia tarehe 25 Machi, siku waliyoamini Maria alichukua mimba. Waethiopia, kwa kalenda yao, husherehekea tarehe 7 Januari.

Kwa hiyo tarehe ilitoka Roma. Mlimani Kilimanjaro ilipanda na wamisionari: Waanglikana waliokaa Old Moshi kwa mtawala wake, Mangi Rindi, kuanzia 1885 hadi 1892, mapadre wa Roho Mtakatifu walioanza Kilema miaka hiyohiyo, na Walutheri wa misheni ya Leipzig waliofika 1893. Hawakukuta watu wasiojua sherehe. Wachagga walikuwa wakichinja, wakipika pombe ya mbege na kumwomba Mungu wao, Ruwa, pamoja na wazee waliotangulia, na mambo hayo yote yalifanyika kwenye kihamba.

Bila kihamba, Desemba ya Wachagga haieleweki. Kihamba ni shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, baadaye na mibuni, linalonyweshwa na mifereji iliyochimbwa na mababu, na limezungukwa na mimea ya masale inayoonyesha mpaka. Makaburi ya ukoo yamo humohumo. Kwa desturi, baba alimpa mwanawe wa kwanza sehemu yake, naye kitinda mimba akabaki na nyumba ya wazazi. Wa katikati walitafutiwa kwingine, au walijitafutia wenyewe. Kadiri watu walivyoongezeka na ardhi ikabaki ileile, wa katikati ndio wakawa wengi. Wakashuka kwenda kufanya biashara, kufundisha, kuajiriwa ofisini, Arusha, Dar es Salaam na Nairobi. Aliyeondoka bado alikuwa na sababu ya kurudi: nani atajua kwamba na yeye ni wa pale, asipoonekana?

Kuonekana kwenyewe kuna utaratibu. Mwanaanthropolojia Mmarekani Sally Falk Moore, aliyeanza utafiti wake Kilimanjaro mwishoni mwa miaka ya 1960, alieleza jinsi wanaume wa ukoo wanavyochinja na kugawana nyama kwa vipande vinavyofuata umri na nafasi ya kila mmoja. Kipande unachopewa kinasema wewe ni nani kwa hao waliokaa pale. Mbege nayo haitaki haraka: ndizi mbivu huchemshwa, huachwa siku kadhaa, ndipo huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Ukoo uliotawanyika katika miji mitano hauwezi kupika pombe ya namna hiyo bila kujua mapema watu watafika lini. Tarehe isiyobadilika, inayojulikana na mwajiri na mwalimu pia, ilikuwa msaada mkubwa.

Mambo mengine yakajipanga upande huohuo. Kahawa ya Kilimanjaro huanza kuchumwa katikati ya mwaka, na msimu huisha karibu na Desemba. Shule hufungwa. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikafupisha safari ya aliyekuwa akifanya kazi pwani. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru, na Luteni Alexander Nyirenda akapandisha bendera na mwenge kileleni mwa Kilimanjaro. Tangu hapo Desemba ina sikukuu tangu mwanzo hadi mwisho. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi, iliyokuwa imekoma kwa zaidi ya miaka 20, ilirudishwa mwezi huohuo wa Desemba, mwaka 2019.

Mataifa mengine yana safari za namna hii. Wachina hujaza treni kabla ya mwaka mpya wa mwezi, na Wamarekani hurudi kwao kwa Siku ya Shukrani, ambayo Rais Lincoln aliitangaza kitaifa mwaka 1863. Ile ya Marekani ina tangazo la rais. Ya Kilimanjaro haina tangazo, na si ya Kanisa peke yake: Wachagga Waislamu nao hupanda mlima mwezi huo, wakae na ndugu zao.

Kipaimara, harusi, kutoa mahari, kusafisha makaburi, vyote hupangwa ndani ya wiki hizo chache. Katikati ya hayo kuna kikao cha ukoo, na huko ndiko kazi nzito ilipo. Mpaka uliosogezwa, deni la ada, ndugu wasiosemeana: anayetaka kusamehewa hupeleka jani la sale, na ni vigumu kulikataa mbele ya wazee.

Siku hizi kikao kinakutana na swali ambalo desturi ya mwana wa kwanza na kitinda mimba haikulijibu. Sheria za ardhi za Tanzania za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Mabinti wanaorudi Desemba, wengine wakiwa ndio waliojenga nyumba ya wazazi kwa fedha zao, wanauliza sehemu yao ya kihamba iko wapi. Kuna koo zilizokwisha kuwagawia. Nyingine huahirisha shauri hilo hadi Desemba ijayo.