Visukuku vya papa na Ziwa Tanganyika (Sehemu ya 2)

Makala iliyopita ilizungumzia meno ya papa. Leo ni zamu ya pingili za mgongo wake, ambazo ni adimu zaidi.

Papa hana mifupa. Kiunzi chake ni gegedu, nayo huoza upesi. Pingili husalimika kwa kuwa zimekazwa na madini ya kalisi, na kila moja hubeba mapete yanayoongezeka mnyama anapokua. Mjini Brussels imehifadhiwa safu ya pingili za megalodoni, papa mkubwa wa kale, iliyopatikana Ubelgiji katika karne ya 19. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba pingili moja yenye upana wa sentimita 15 hivi ina mapete 46, wakakadiria kuwa papa huyo alikufa akiwa na miaka 46.

Je, pingili za papa zinaweza kuokotwa Baraka, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika upande wa Kongo? Mwingereza J. E. S. Moore, aliyefika ziwani mwaka 1896, angejibu ndiyo. Konokono na kiwavuwavu wa Tanganyika walimfanya aamini kuwa ziwa hili ni mabaki ya bahari, akaandika hivyo katika kitabu chake cha 1903. Wanasayansi waliomfuata walilikataa wazo hilo. Tanganyika ni bonde la ufa lililojaa maji ya mito na mvua, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12.

Kwa hiyo pingili iliyobonyea pande mbili, ikiokotwa kwenye ufuko wa Baraka au kwenye korongo la Fizi, isiitwe ya papa. Mukeke na kuhe nao wana pingili za namna hiyo. Tofauti ni kwamba miiba ya samaki hao imeota kwenye pingili yenyewe, na ikivunjika huacha kovu. Pingili ya papa ni kisahani kitupu chenye vishimo vilivyokuwa vimeshika gegedu.

Papa wa kale wapo magharibi ya mbali, karibu na Atlantiki. Miamba ya Landana, katika jimbo la Kabinda nchini Angola, yenye umri wa miaka milioni 60 hivi, imetoa visukuku vyao vingi. Edgard Dartevelle na Edgard Casier walivieleza, pamoja na samaki wengine wa Kongo ya Chini, katika vitabu vilivyotoka kati ya 1943 na 1959.

Thamani ya kazi yao imo katika kumbukumbu za tabaka. Mwokotaji wa Fizi naye, kabla ya kung'oa kisukuku, apige picha, aandike mahali, kina na aina ya mwamba. Kikishatengana na habari hizo, mtaalamu hawezi tena kukipa umri wa uhakika.

Sehemu ya 3: visukuku vya samaki wa Bonde la Semliki.