Mkunga wa Orlando

Yatajwapo mapambano ya Afrika ya Kusini mbele ya hadhara yo yote ya wafanyakazi, majina ya wafungwa wa Robben Island huja mdomoni yenyewe: Mandela, Sisulu, Mbeki, Kathrada. Ni haki yawe hivyo. Lakini mtu akifungwa miaka 26 huacha nyumba nyuma yake, na nyumba haifungwi pamoja naye. Watoto wataka uji asubuhi, karo yadaiwa, kodi ya pango yadaiwa. Katika nyumba ya Walter Sisulu, mtaani Orlando, madeni hayo yalilipwa na mkewe, Bibi Albertina, kwa mshahara wa uuguzi na ukunga. Yafaa tumkumbuke kwa jina lake mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1918 katika wilaya ya Tsomo, Transkei, akaitwa Nontsikelelo. Jina la Albertina alilipata katika shule ya misioni. Baba yake, aliyekuwa akienda kufanya kazi migodini, alikufa watoto wangali wadogo, na mama yake hakuwa na afya. Binti huyu akawa mlezi wa nduguze kabla hajamaliza utoto wake mwenyewe, hata masomo yake yakachelewa. Mapadre wakampatia nafasi katika shule ya Mariazell, Matatiele, na wakati wa likizo alibaki huko akilima na kufua nguo ili alipe gharama ya chakula chake.

Alitamani kuwa mtawa. Padre Bernard Huss akamweleza kwamba mtawa hapokei mshahara, wala hana ruhusa ya kurudi nyumbani kuwatunza wadogo zake. Akamshauri asomee uuguzi, kwa sababu mwanafunzi wa kazi hiyo hulipwa tangu siku za kujifunza. Basi Bibi Albertina aliingia kazini kwa ajili ya watoto ambao hakuwazaa yeye.

Mwaka 1940 alifika Johannesburg, katika hospitali ya watu wasio Wazungu. Ilitokea ajali kubwa, majeruhi Waafrika wakajaa hata wakalazwa sakafuni. Wakubwa wa hospitali waliombwa wawaruhusu walazwe upande wa Wazungu, wakakataa. Mwaka 1941 mama yake alipokufa, alinyimwa ruhusa ya kwenda maziko. Hivyo aliujua ubaguzi wa rangi kazini kwake, kabla hajaketi katika mkutano wo wote wa siasa.

Julai 1944 aliolewa na Walter Sisulu, naye Nelson Mandela akiwa msimamizi wa bwana arusi. Katika karamu hiyo Anton Lembede, kiongozi wa vijana wa chama cha ANC, alimwonya bibi arusi kwamba amwoaye amekwisha kuoa taifa zima. Watu walicheka, nadhani, kama watu wachekavyo arusini. Lakini Desemba 1949 Walter alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu wa ANC, akaacha shughuli zake zote ili atumikie chama. Posho ya chama ilikuwa ndogo, na mara nyingine haikuonekana kabisa. Tangu hapo mtoaji wa riziki alikuwa mke.

Mwaka 1954 alihitimu ukunga, akaajiriwa na idara ya afya ya mji. Alikwenda kwa miguu nyumba kwa nyumba, sanduku la vifaa kichwani, akizalisha wake wa wafanyakazi. Nyumbani alikuwa na watoto watano wa kuwazaa, pamoja na wengine wa ukoo aliowalea kama wake. Serikali ilipoleta elimu duni kwa Waafrika, aliifungua nyumba yake iwe darasa. Tarehe 9 Agosti 1956 alikuwa miongoni mwa wanawake wapatao 20,000 waliokwenda Pretoria kupinga pasi, kitu kile ambacho wenzetu wa Kenya walikijua kwa jina la kipande. Mwaka 1958 alitiwa gerezani kwa kosa hilo hilo la kupinga pasi, akaacha mtoto mchanga nyumbani.

Mwaka 1963 alifungwa bila kushtakiwa, chini ya sheria iliyowaruhusu polisi kumweka mtu ndani siku 90. Mwanawe Max, kijana wa miaka 17, alikamatwa pia. Juni 1964 mumewe alihukumiwa kifungo cha maisha. Yeye akapigwa marufuku ya karibu miaka 18, na miaka 10 kati ya hiyo asiweze kutoka nyumbani usiku. Asubuhi alikwenda kazini. Jioni alirudi kujifungia. Akashona na kufuma ili kuongeza kipato, akawasomesha watoto wake Swaziland, wasipate sumu ya elimu ya ubaguzi. Nao watoto wakayarithi mapambano: Max akaenda uhamishoni, Lindiwe akafungwa, Zwelakhe, mwandishi wa magazeti, akafungwa.

Agosti 1983, umoja wa vyama na jumuiya uitwao UDF ulipoundwa, alichaguliwa mmoja wa marais wake watatu, naye yumo gerezani. Alipotoka akafanya kazi katika zahanati ya Dakta Abu Baker Asvat, Soweto, na alikuwapo humo siku ya Januari 1989 daktari huyo alipouawa kwa risasi. Oktoba mwaka huo huo mumewe akarudi nyumbani. Mwaka 1994 alikuwa Mbunge, na ndiye aliyelitaja jina la Mandela Bungeni ili achaguliwe kuwa Rais. Walter alifariki mwaka 2003. Yeye akamfuata tarehe 2 Juni 2011, akiwa na umri wa miaka 92. Taifa lilimzika kwa heshima zote, akalazwa kando ya mumewe.

Wasomaji, kuna desturi ya kusema habari za mwanamke kama huyu kwa maneno mawili, "mke mvumilivu", kisha tukageukia habari za mume. Maneno hayo hayatoshi. Uvumilivu peke yake haununui unga. Walter Sisulu aliweza kuwa Katibu Mkuu kwa sababu mtu mwingine aliamka alfajiri kwenda kuzalisha. Chama kilichopata wakati wote wa mume kilikuwa kinakula mshahara wa mke, na deni hilo halimo katika daftari lo lote la mweka hazina.

Nasi tujitazame. Ni mara ngapi wanawake huitwa mkutanoni wapike na kupanga viti, na ifikapo zamu ya kuchagua viongozi wakasahauliwa? Ni wangapi kati yetu wanaosifiwa kwa kujitolea, hali kujitolea kwao kumelipiwa na nesi, mwalimu au muuza samaki aliye nyumbani? Mtu wa namna hiyo anastahili kutajwa angali hai, anastahili sauti na kiti katika mkutano, na anastahili kumkuta mumewe jikoni siku arudipo amechoka.

Mungu amrehemu Bibi Albertina Sisulu. Watoto aliowapokea Orlando leo ni wazee, nao wengi wao waliishi kuiona nchi yao ikiwa huru.