Pumzi na Pumziko

Pumua, pumzi na pumzika ni maneno ya mzizi mmoja. Anayepumzika, kwa asili ya neno, ni yule anayeirudisha pumzi yake. Ndiyo maana mtu wa kwetu Pwani akimwona mzazi wake anatweta baada ya ngazi mbili tatu, humwambia, "Keti, mama, pumzika." Kesho humpokonya ufagio. Keshokutwa humletea hata maji ya kutawadhia papo hapo alipoketi. Ni uungwana tuliolelewa nao, nami siudharau. Lakini kwa mgonjwa wa mapafu wa siku nyingi, pumziko la namna hii humdhoofisha.

Sisemi pumu. Sisi kila kutweta twakuita pumu, ilhali pumu huja ikaenda. Nanena maradhi ya njia za hewa kuziba polepole zisifunguke tena kama zamani, ambayo madaktari huyaita COPD. Shirika la Afya Duniani liliyahesabia vifo milioni 3.5 katika mwaka 2021. Sigara ndiyo mshtakiwa wa kwanza, lakini wako akina mama wasiopata kuigusa, ila walipika miaka na miaka kwa kuni katika meko yasiyo na dirisha.

Mgonjwa hutweta, akaogopa, akaketi. Misuli ya mapaja isiyotumiwa hunyauka, na msuli mnyonge hudai pumzi zaidi kwa kazi ile ile. Basi hata safari ya msalani huwa mlima. Mapafu huenda ni yale yale ya mwaka jana. Kilichopungua ni miguu. Kwa hiyo madaktari, mbali na kumpulizisha mgonjwa mashine, humtembeza dakika 6 kwenye ujia wa mita 30, kwenda na kurudi, kwa mwendo anaouweza, kisha wakahesabu mita.

Mazoezi yake hufanywa wiki 6 hadi 12, baada ya daktari kumpima: kutembea, kutia nguvu miguu na mikono, na kutawala pumzi. Mapafu hayaponi, lakini kutweta hupungua. Sisi tuliosoma chuoni hatutaona ajabu. Mwalimu alitufundisha pa kuwakifu ili pumzi isikatike katikati ya neno. Mgonjwa naye huvuta kwa pua, akatoa polepole kwa midomo iliyobanwa, kana kwamba apoza chai, na kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta.

Jirani yangu mmoja, aliyechoma mahamri kwa kuni ujana wake wote, alikatazwa na wanawe kila kazi. Aliniambia kilichomuuma zaidi si kifua, bali kuwa mgeni katika meko yake mwenyewe. Siku hizi kamba ya nguo imeshushwa hadi kifuani, maana kuinua mikono juu ya mabega hula pumzi. Mbuzi ya kukunia nazi amewaachia wajukuu, kwa kuwa kujikunja humbana. Unga hukanda mwenyewe mezani, ameketi.

Na dukani huenda kwa miguu. Mwezi wa kwanza alikuwa akiketi kwenye baraza nne za watu kabla ya kufika. Sasa ni mbili, na ile ya pili, nadhani, huketi kwa ajili ya mazungumzo.